Nguvu au Ukubwa? Amua Kabla ya Kushika Chuma

Kijana anayeshusha mifuko ya saruji ya kilo 50 mjini Ukunda, na mwenzake anayetaka kifua kijae fulana akishuka ufuoni Diani, wanaweza kutumia chuma kimoja. Mazoezi yao lakini yasiwe sawa.

Nguvu ni uwezo wa kuinua mzigo mzito mara moja. Sehemu kubwa yake hutoka kwenye mishipa ya fahamu: mwili hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja. Ndiyo maana mwembamba anaweza kumshinda mwenye mikono minene. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, akishindana katika daraja la kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa. Nguvu za namna hiyo ndizo anazozihitaji mwanasarakasi wa hoteli za Diani: awabebe wenzake mabegani, na bado awe mwepesi wa kuruka.

Ukitaka nguvu
Chagua mazoezi yanayotumia mwili mzima: kuchuchumaa na chuma mabegani, kuinua chuma kutoka chini, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi. Weka uzito unaoweza kuuinua mara 3 hadi 5 tu kwa mtindo safi. Fanya seti 3 hadi 5, na pumzika dakika 3 hadi 5 kila baada ya seti. Usiharakishe mapumziko hayo. Ukichoka, unazoeza pumzi, si nguvu.

Ukitaka ukubwa
Punguza uzito, rudia mara 8 hadi 15, pumzika dakika 1 hadi 2. Kila seti iishe ukiwa umebakiza uwezo wa kurudia mara moja au mbili tu. Kila msuli upate seti 10 au zaidi kwa wiki, zigawe siku mbili.

Kama una vyuma vya saruji
Chuma cha makopo yaliyojazwa saruji hakiongezeki uzito. Kwa ukubwa kinatosha: ongeza idadi ya kurudia, hata kufika 25, mradi ukaribie kushindwa. Kwa nguvu hakitoshi, kwa sababu nguvu hudai kilo zipande. Tumia mitungi ya lita 20: ukijaza maji ni kilo 20, ukijaza mchanga mkavu hukaribia 30. Ongeza kidogo kidogo.

Chakula
Lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 96 kwa siku. Mayai matatu hutoa 18, samaki wa gramu 200 karibu 40, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15. Ugali, chapati na mbaazi za asubuhi hujazia. Anayetaka ukubwa ale kushiba, maana mwili wenye njaa haujengi. Joto la pwani ni kali: fanya mazoezi alfajiri au baada ya alasiri, na unywe maji.

Kama ndiyo unaanza, miezi ya mwanzo utapata vyote viwili, kwa hiyo jifunze mtindo kwanza. Kisha weka daftari. Anayetafuta nguvu aandike kilo alizoinua. Anayetafuta ukubwa ajipime mkono na kifua kwa futi ya fundi cherehani. Baada ya wiki 8 namba isiposogea, badilisha mazoezi, chakula au usingizi, kimoja kimoja, ujue kipi kilikukwamisha.