Kabla Hujageuza Dishi, Kagua Kichwa cha Waya

Mvua za Mpanda huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Ndipo picha zinapoganda kule Makanyagio na Nsemulwa, na watu wanapanda ngazi kugeuza dishi. Liache kwanza. Kama halikupigwa na upepo, shuku konekta, yaani kichwa cha waya.

Chomoa king'amuzi kwenye umeme. Waya wa katikati hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Ukigusana na nyuzi za pembeni ni shoti, na king'amuzi kinaweza kuungua.

Fungua konekta ya kule juu. Ukiona kutu ya kijani, maji yameingia. Usisugue. Kata kipande hicho chote mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa.

Waya mpya ukihitajika, nunua RG6, tena mmoja mzima. Muuzaji ataapa kuwa ni shaba tupu. Gusisha sumaku: ukinasa, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Usigombane naye, kwa nyumba ya kawaida unatosha.

Sasa kazi yenyewe. Menya ganda la nje sentimita moja na nusu, taratibu, kisu kisile nyuzi. Zikunje nyuzi hizo nyuma, zilalie ganda. Kisha menya plastiki nyeupe, ukibakiza milimita 6 hivi. Sokota konekta mpaka plastiki hiyo iwe sawa na sakafu yake ya ndani. Shaba ichomoze milimita 2 au 3 nje ya mdomo. Chungulia kwenye mwanga: uzi mmoja tu ukigusa shaba, umeshaharibu. Rudia.

Kule nje, funga tepu nyeusi kuanzia chini kwenda juu, ili mikunjo ilaliane kama mabati ya paa. Karibu na ukuta acha waya uning'inie kidogo, kama tumbo la kamba ya nguo, maji yadondokee pale badala ya kufuata waya hadi sebuleni.

Chaneli nusu zipo, nusu hazipo? Mara nyingi volti 18 hazifiki juu. Rudi kwenye konekta.

Bado? Haya, gusa dishi. Ila usiige la jirani. Ukiwa Mpanda, la Azam hutazama machweo, la DStv huelekezwa karibu utosini.

Ngurumo zikianza, chomoa umeme mapema, kisha waya wa dishi pia.