Hodi kwenye Kichuguu: Kuwaelewa Viumbe wa Wafilipino

Mswahili anayefanya kazi Muscat, Dubai au Doha mara nyingi hushinda zamu moja na Mfilipino, wodini, jikoni au hotelini. Usiku ukitulia na hadithi zikaanza, atasikia neno aswang. Wengine wamelikuta kwenye Trese, katuni ya Netflix ya mwaka 2021. Ukilisikia usicheke, na usikimbilie kusema ni ushirikina mtupu. Kwanza fahamu linazungumziwa nini.

Aswang ni jina la ukoo mzima wa viumbe: wapo wanyonya damu, wapo wala maiti, wapo wanaojigeuza mbwa au nguruwe. Mchana ni jirani mpole, usiku hubadilika. Anayeogopwa kuliko wote ni manananggal, jina litokanalo na kitenzi cha kubandua. Ni mwanamke ambaye usiku hukatika kiunoni. Nusu ya juu huota mbawa kama za popo na kuruka, miguu ikibaki imesimama peke yake gizani. Hutua juu ya paa la nyumba ya mjamzito na kushusha ulimi mwembamba kama uzi, kupitia upenyo wa makuti, mpaka tumboni. Kinga zake zipo jikoni: chumvi, kitunguu saumu, majivu. Anayeikuta ile nusu iliyobaki huipaka chumvi au majivu, nayo ya juu ikirudi haiwezi kuungana tena hadi jua linapochomoza na kuiua. Nyumba zenye mjamzito husikiliza pia sauti ya tik-tik nje. Ikivuma kwa nguvu, kiumbe yuko mbali. Ikififia, amekaribia.

Hofu hii ni ya zamani. Mwaka 1589 padri Mfransisko Juan de Plasencia aliandika kuhusu mila za Watagalog, akawaweka makuhani wa dini ya asili na osuang, yaani aswang, katika orodha moja ya watumishi wa shetani. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuangalia sana, maana aliyekuwa akiombea mavuno na wagonjwa aliandikwa mstari mmoja na mla watu.

Kwa hiyo chunga ulimi ukikutana na mtu wa Capiz, mkoa ulio kwenye kisiwa cha Panay. Nchi nzima huutaja kama kwao aswang, na watu wake wamechoshwa na utani huo. Kisiwani humo kuna ugonjwa wa kurithi ambao mama huupitisha kwa watoto wake wa kiume. Hukakamaza misuli, hupinda shingo, huvuta taya na kuutoa ulimi nje. Wapo waliouhusisha na hadithi za aswang. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji daktari wa mishipa ya fahamu, na kumwita aswang ni kumwongezea jeraha. Hofu ya aswang imewahi kutumika hata vitani. Afisa wa Kimarekani Edward Lansdale alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba, wakati wa vita dhidi ya waasi wa Kifilipino walioitwa Huk miaka ya 1950, kikosi kilimkamata mwasi, kikamtoboa matundu mawili shingoni, kikamning'iniza hadi damu ikaisha, kisha kikamrudisha njiani ili wenzake waamini kuwa ni kazi ya aswang.

Kapre anatuhusu kwa karibu zaidi. Ni jitu jeusi lenye manyoya, hukaa juu ya balete, mti wa jamii ya mikuyu wenye mizizi inayoning'inia, akivuta sigara kubwa. Kaa la moto likionekana juu ya mti usiku, ni yeye. Jina lake limetokana na neno la Kihispania cafre, nalo limetokana na Kiarabu kafir, ndilo kafiri letu. Wareno na Wahispania waliwaita hivyo Waafrika weusi, pamoja na watumwa waliovushwa Bahari ya Hindi. Ndani ya zimwi hilo kuna sura ya mtu wa upande wetu. Mfilipino anayelitaja leo hana nia ya kukutusi, lakini ukimweleza asili yake atakusikiliza.

Tikbalang, mwenye kichwa cha farasi na miguu mirefu kiasi kwamba akichuchumaa magoti hupita kichwa, huwapoteza wasafiri msituni. Ukijikuta unarudi pale pale, geuza shati ndani nje.

La kutumia kila siku ni la nuno sa punso, mzee anayeishi kwenye kichuguu. Anayekipiga teke au kukikojolea huvimba mguu au sehemu za siri, na mganga huyeyusha nta ya mshumaa, akaimimina majini na kusoma sura inayojitokeza ili kujua nani kaudhiwa. Ndiyo maana Wafilipino wengi, hata wasomi wa Manila, wakipita vichakani au chini ya mti mkubwa husema tabi-tabi po. Ni hodi na samahani kwa pamoja, na po ni neno la heshima kwa mkubwa. Ukialikwa kijijini kwao, mwige mwenyeji wako: liseme kwa sauti ya chini, kabla hujakanyaga.