Aya ya Deni na Fomu ya Mkopo



Ndugu na dada zangu, kila msimu wa maombi ya ufadhili wa masomo unapofika, swali ninaloulizwa zaidi kwenye meza ya chama chetu ni hukumu ya mkopo wenye nyongeza. Ni swali la haki na nitaligusa mbele. Lakini ninaokutana nao wakiwa wamekosa pesa, wengi wao hawakukoseshwa na swali hilo. Wamekoseshwa na jina lisilolingana, simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au tarehe iliyopita.

Darsa yetu ya leo naijenga juu ya Suratul-Baqara, aya ya 282. Hii ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na habari yake ni kuandika deni. Mola wetu ametufundisha humo jambo ambalo wengi tunaliona la karani tu. Mifano yangu itatoka kwetu Malaba, kaunti ya Busia, kwa sababu mpakani kosa la karatasi huonekana haraka.

Kwanza: muda uliotajwa

Aya inazungumzia deni la muda maalumu. Ombi la HELB lina muda wa aina mbili, na wote lazima uujue.

Muda wa kwanza ni siku ya kufungwa kwa maombi. Usiihesabu kama siku ya kuanza. Kabla ya kufungua mtandao unahitaji kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, PIN ya KRA, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, barua pepe yako, vitambulisho vya wazazi na vya wadhamini, na cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki. Kutoka Malaba, karatasi iliyokosewa ni safari ya Busia mjini, na mara nyingi si safari moja. Basi anza na karatasi mara tu matokeo ya KCSE yanapotoka, usingoje tangazo.

Muda wa pili ni wa kulipa. Sheria inamtaka mkopaji aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mkopo wa shahada ya kwanza una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeacha kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Yajue haya kabla ya kutia sahihi.

Pili: mwenye deni ndiye atoe imla

Hapa ndipo aya inapotufaa zaidi. Imeamrisha awepo mwandishi mwadilifu, lakini anayetamka maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa, naye amche Mola wake wala asipunguze chochote. Na akiwa hawezi kutamka mwenyewe, walii wake atamke kwa uadilifu.

Linganisha na tunavyofanya. Kijana anaingia saiba karibu na stendi, anamwachia mhudumu kitambulisho na shilingi mia kadhaa, anaenda kunywa chai. Mhudumu anakisia mapato ya baba, anakisia idadi ya ndugu, na barua pepe anafungua yake ili amalize haraka. Nimemwona mwenzetu ambaye ujumbe wa kumtaka arekebishe ombi ulitumwa kwenye barua pepe ya aina hiyo. Alipoupata, dirisha lilikuwa limeshafungwa.

Mhudumu wa saiba ni mwandishi tu. Kaa kando yake, soma kila swali, tamka jibu wewe. Barua pepe iwe yako, neno la siri ulijue wewe peke yako.

Tatu: uadilifu katika jina na hali

Majina yetu Waislamu yana mtihani wake. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa masikio ni jina moja, kwa kompyuta ni watu watatu. Aliyesilimu akitumia jina jipya msikitini huku kitambulisho kikibaki na la zamani, aombe kwa jina la kitambulisho na vyeti vya shule. Akitaka jina jipya litumike rasmi, abadilishe kwa wakili na karatasi zote zifuate, lakini si katikati ya msimu wa maombi.

Kwetu mpakani kuna la ziada. Jamaa zetu wako Busia na wako Tororo, na Wateso wanaishi pande zote mbili. Mama anaweza kuwa na kitambulisho cha Uganda na baba cha Kenya. Kila nchi ina mlango wake: Kenya ni HELB, Uganda ni bodi ya HESFB iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ambayo mkopo wake hulipa karo na ada za chuo, si chakula wala malazi. Omba kwa nchi ambayo karatasi zako za uraia ziko wazi, na jina la mzazi liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kiwe cha upande gani.

Kisha kuna hali ya nyumbani. Mfumo wa Kenya uliotangazwa Mei 2023 hupima uwezo wa familia ili kujua nani apewe kiasi gani. Mfumo huo umepingwa mahakamani na vipengele vyake hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako. Lakini la msingi halibadiliki: ukimwandika baba aliye hai kuwa marehemu, umesema uongo, umevunja sheria ya nchi, na umechukua fungu la yatima wa kweli. Na ukijiandika tajiri kwa kuona haya, umejidhulumu. Ikiwa umepangwa kiwango kisichofanana na hali yenu, tumia njia ya rufaa, na uambatishe ushahidi.

Nne: mashahidi

Aya inataka mashahidi, na inawakataza kukataa wanapoitwa. Wadhamini wako uwaendee mapema kwa adabu, uwaeleze deni ni kiasi gani na wajibu wao ni upi. Usichukue namba ya kitambulisho cha mjomba kwenye simu ya mama bila yeye kujua.

Tano: msichoke kuandika

Aya imekataza kuchoka kuandika deni, dogo au kubwa. Chapisha fomu uliyotuma, hifadhi nakala mbili, moja kwako na moja nyumbani. Mkopo huombwa upya kila mwaka, na anayesahau mwaka wa pili hukuta karo haijalipwa wakati mitihani inakaribia.

Kuhusu nyongeza

Wenye wasiwasi na riba wana haki ya wasiwasi huo. Fatwa si yangu. Mwendeeni sheikh mnayemwamini, mkiwa na masharti ya mkopo mkononi ayasome. Lakini tambueni kwamba ufadhili wa serikali kupitia Hazina ya Vyuo Vikuu si deni wala haulipwi, na basari za kaunti na za NG-CDF pia si deni. Nimewaona waliofunga milango yote kwa ajili ya mmoja, kisha wakarudi nyumbani muhula wa kwanza. Uliza kwanza pesa ipi ni mkopo na ipi ni msaada, ndipo uamue.

Wiki hii, kabla ya Ijumaa, toa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha KCSE. Viweke sambamba mezani, usome jina herufi kwa herufi. Kikipatikana kisicholingana, hiyo ndiyo safari yako ya kwanza.

Allah atupe elimu yenye manufaa, atulipie madeni yetu, na asituondoe duniani tukiwa na haki ya mtu shingoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.