ELIMU YA AFYA: Jeraha la Mkono Lisipuuzwe

Ndugu mwananchi wa Kata ya Kibaoni, mavuno ya mpunga yanapowadia katika Bonde la Kilombero, mundu hufanya kazi kutwa nzima na bodaboda zenye magunia hazipumziki. Ndipo mikono inapoumia.

Kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, mkono mmoja una mifupa 27, na minane kati yake imo katika kifundo pekee. Kano za kukunja vidole na neva za hisia hupita karibu sana na ngozi. Kwa hiyo mkato mdogo wa mundu waweza kukata kano, damu ikakoma baada ya dakika chache, na mwenye jeraha akaendelea kuvuna. Kipimo ni chepesi: akunje kila kidole peke yake, kisha aguswe ncha zake. Kidole kisichokunjika au chenye ganzi chahitaji daktari, hata kidonda kikiwa kidogo. Kano iliyokatika hujivuta na kujificha ndani, na kuiunga katika siku chache za mwanzo ni rahisi kuliko baada ya wiki kadhaa.

Aangukaye kutoka kwenye pikipiki hutanguliza kiganja. Mfupa unaovunjika mara nyingi kifundoni ni skafoidi, jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya chombo cha majini. Wenyeji wa mto Kilombero tungeuita mtumbwi. Picha ya eksirei ya siku ya kwanza yaweza isioneshe ufa wowote. Maumivu yakibaki kwenye kibonde kilicho chini ya dole gumba, rudi upigwe picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14.

Lililo zito zaidi ni kufunga magango kwa kukaza. Hatuwabezi waunga mifupa wetu, lakini mkono uliovunjika huvimba, na fungo lililokazwa huzuia damu. Mwaka 1881 daktari Richard von Volkmann wa Ujerumani alieleza jinsi misuli iliyokosa damu inavyokufa na vidole kubaki vimekunjamana. Saa sita zaweza kutosha kuleta hasara hiyo, na upasuaji wa baadaye haurudishi mkono wote. Mtoto akilia kwa maumivu yanayozidi baada ya kufungwa, au vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, fungo lilegezwe papo hapo, usiku huohuo, kisha apelekwe hospitali. Plasta ngumu ya hospitali, ile iitwayo "hogo", nayo yaweza kubana vivyo hivyo. Rudi bila kungoja tarehe ya kliniki.

Damu inayotoka izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha, na pete zivuliwe kabla ya uvimbe. Kidole kilichokatika kabisa kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe katika maji yenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe. Kisha mgonjwa awahishwe pamoja nacho Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara. Watakaohitaji upasuaji wa kibingwa zaidi huweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.