ELIMU YA AFYA: Aliyeumia Uti wa Mgongo Akiumwa na Kichwa Ghafla, Mketishe

Kuna wakazi wa Tetu walioumia uti wa mgongo katika ajali za barabarani, au kwa kuanguka kutoka juu ya mti. Baada ya matibabu katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, au katika hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi, hurudi nyumbani kutunzwa na jamaa. Somo hili ni la jamaa hao.

Tatizo ni nini?
Aliyeumia kuanzia shingoni hadi pingili ya 6 ya kifua anaweza kupandwa na presha ghafla, hata miezi mingi baada ya ajali. Madaktari huita hali hii disirefleksia ya otonomia. Mgonjwa hasikii maumivu chini ya jeraha, lakini neva za huko bado zinafanya kazi. Kibofu kikijaa, neva hizo huifanya mishipa ya damu ijikaze, na amri ya ubongo ya kuilegeza hukwama penye jeraha. Presha ikizidi kupanda, anaweza kupata kiharusi, degedege au kufariki.

Dalili
- Kichwa kinachogonga kwa nguvu
- Uso kuwa mwekundu na jasho juu ya jeraha
- Macho kuona ukungu
- Mapigo ya moyo kwenda polepole

Fanya hivi mara moja
1. Mketishe wima, miguu ikining'inia. Kumlaza huzidisha presha. (Aliyeumia leo ni tofauti: huyo asiketishwe wala kusogezwa bila usaidizi wa wahudumu.)
2. Legeza mshipi, viatu na nguo zinazobana.
3. Kagua mpira wa mkojo: umejikunja, umeziba, au mfuko umejaa?
4. Tafuta sababu nyingine: choo kilichokwama, kidonda cha kulalia, ukucha uliozama.
5. Dalili zisipoisha upesi, mkimbize hospitalini akiwa ameketi.

Mwambie mhudumu
Wengi wa wagonjwa hawa huwa na presha ya chini, kipimo cha juu kikiwa kati ya 90 na 110. Kwao, 140 yaweza kuwa hatari ingawa kwa mtu mwingine haishtui. Andika presha yake ya kawaida kwenye kadi, na uende nayo kila mnapokwenda kliniki.