Dondoo muhimu: Toa mchanga kwanza

Kiangazi, mama anayeteka maji kwenye laga (mto wa msimu uliokauka), iwe Namoruputh au mto Tarach kule Kakuma, haanzi kwa kujaza mtungi. Huteremka kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, huondoa mchanga ulioporomoka usiku, humwaga maji ya tope, kisha husubiri maji safi yajikusanye. Kesho yake hurudia. Moyo nao uutunze hivyo.

Asubuhi, kabla ya kushika simu, mtajie Mungu kosa la jana kwa jina lake. Sema "nilimsengenya jirani," si "nisamehe yote."

Halafu kuna deni, na hapa wengi tunakwama. Zakayo, yule mtoza ushuru (Luka 19), hakuishia kwenye toba ya mdomo. Aliahidi kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu. Ikiwa ulichukua mbuzi wa mtu, au unapunja unga kwenye mizani dukani, mkesha wa maombi hautoshi. Rudisha. Kama jambo linagusa wizi wa mifugo baina ya jamii, usiende peke yako: tafuta mzee na kiongozi wa kanisa mwongozane.

Una ugomvi? Mathayo 5:23–24 inataka upatanisho kabla ya sadaka, basi nenda Jumamosi, kabla ya ibada ya Jumapili.

Ukifunga, kunywa maji. Joto la Lodwar si la kujaribiwa. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa wafunge maneno mabaya badala ya chakula.

Na anayekudai pesa au mbuzi ili akutakase, mkatalie. Msamaha wa Kristo hauuzwi.