Laini Ikipasuka, Usiitupe

Fundi mmoja wa Kariakoo alimuuzia shangazi yangu simu mpya, kisha akachukua laini yake ya zamani, ile pana, akaikata kwa mkasi ili iingie kwenye tundu dogo. Plastiki ikapasuka hadi kwenye dhahabu. Simu ikagoma kuisoma. Fundi hakuona haya: akasema laini imekufa, akataja na bei ya "programu ya kurudisha majina". Shangazi anauza vitenge kwa mkopo, na wadeni wake wote walikuwa mle ndani. Alikuja kwangu laini ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga.

Kwanza, pesa. Hela ya M-Pesa na wenzake haikai kwenye laini, iko kwenye mitambo ya kampuni. Nenda na kitambulisho, watakupa laini mpya yenye namba ileile. Ila itakuja tupu. Majina yamebaki kwenye ile ya zamani, na hata ikishafungiwa mtandao bado yanasomeka. Ndiyo maana nasema usiitupe.

Pili, safisha dhahabu kwa ufutio wa penseli, umalizie na spiriti.

Tatu ndipo penye kazi. Kumbukumbu yote imo kwenye kipande cha milimita chache, kilichofunikwa na gundi ngumu nyuma ya dhahabu, katikati. Plastiki ni fremu tu. Ufa ukipita kwenye gundi hiyo, kubali yaishe. Hakuna programu inayosoma kipande kilichovunjika. Wa Shangazi ulikuwa umeishia pembeni.

Nikachukua adapta ya plastiki, ile ya kuvalisha laini ndogo. Shida ni unene: laini pana ina milimita 0.76, ndogo kabisa 0.67, na hiki kilichokatwa kwa mkasi hakikukaa vizuri popote. Dawa ni karatasi. Kunja kipande chembamba, kiweke nyuma, shikiza kwa selotepu nyuma tu, mpaka dhahabu iwe sawa na uso wa plastiki. Gundi ya supa marufuku: ikichuruzika mbele, pini hazigusi tena kitu.

Kisha tumia kitochi, si simu janja. Changu ni Nokia ya zamani na siuzi: laini inakaa chini ya betri, na betri yenyewe inaikandamiza. Hivi vitochi visivyo na jina vya siku hizi vina pini zinazonasa ukingo wa laini kama ndoana.

Kikasema, "Ingiza laini." Nikaongeza kunjo la karatasi. Kikaomba PIN.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Ukikosea mara 3 unadaiwa PUK. PUK ukiikosea mara 10 laini inajifunga moja kwa moja. Shangazi akasema, "Weka mwaka aliozaliwa babu yako." Upi? Baba, kwenye simu, ana wake. Shangazi ana wake. Nikafuata wa mwenye laini. Ikakubali, na majina yakashuka: "Mama Salma Vite", "Zuhura Deni la". Laini hukata majina marefu, lakini Shangazi alimjua kila mmoja na anachodaiwa. Nikanakili yote kwenye simu papo hapo, kabla karatasi haijateleza.

Ukiamua kumpelekea fundi, mwambie aiangalie ile gundi nyuma ya dhahabu mbele yako, kabla hajataja bei. Akianza na programu, chukua laini yako uondoke.